Kilima cha mawe: kupanda kishamba kidogo cha wanyama wa pori



Karibu kila koperative tunayotembelea upande wa Haut-Katanga iko na kipande kimoja cha udongo ambacho hakiandikwi kamwe katika mpango wa kazi. Kiko mgongoni mwa kilima, mawe yametoka inje, miti yote ilishakwenda kwenye makala. Mtu mmoja alijaribu mahindi mwaka fulani, yakafika magotini, akaacha. Tukiuliza: "Na hapa je?" watu wanajibu: "Pale? Pale kuko mawe tu."

Ni kweli, mawe yako. Lakini ile fasi ndiyo tunataka kuzungumzia katika namba hii. Tunaona kuna kazi moja inayoweza kuifanya vizuri kuliko kutoa mahindi: kulisha nyuki, kanga, kwale na kabuluku, na kupitia hao kusaidia mashamba yaliyo chini yake. Hatuzungumzi juu ya hektari. Tunazungumza juu ya ari 5, ni kusema mita 20 kwa mita 25. Kazi yake inafanyika kwa jembe, chuma cha kuchimbia mawe, na watu wachache asubuhi kadhaa za kiangazi.

Watoto wana njaa, tulishe wanyama?

Swali hili linatoka katika kila mkutano, na mara nyingi linatoka kwa mama mmoja aliyekaa nyuma. Ni swali la haki. Hatutalijibu kwa maneno matamu juu ya uzuri wa pori.

Angalieni kwanza kile ambacho udongo huu unatoa sasa. Penye udongo una sentimita 15 tu juu ya mwamba, mizizi ya mahindi inagonga jiwe mapema. Upande wetu mvua si kidogo: Lubumbashi inapata karibu milimita 1200 kwa mwaka. Shida ni kwamba karibu yote inanyesha kati ya mwezi wa 11 na mwezi wa 3, na katikati yake kunakuwa siku kumi au zaidi bila tone. Katika shamba lenye udongo mrefu, mahindi yanavumilia. Juu ya mawe, majani yanajikunja siku ya tano. Mbolea ya NPK mliyolipa kwa jasho inashuka na maji mpaka kwenye kijito. Mtu akipanda mahindi pale hapati chakula, anapoteza mbegu na mbolea ambazo zingezaa fasi ingine. Kwa hiyo hatuondoi chakula kwenye sahani ya mtoto. Ile sahani haikuwa na kitu.

Kisha angalieni nyuki. Mahindi hayahitaji nyuki, upepo unayatosha. Lakini maboga, matango na tikiti, ua la kike lisipotembelewa na mdudu, tunda linakauka lingali dogo kama kidole. Wamama wenye kulima maboga wanajua hali hiyo, hata kama hawajaambiwa sababu. Hapa kwetu nyuki wanapata maua mengi wakati miti ya miombo inatoa maua, kuanzia mwezi wa 9. Wakati wa baridi, mwezi wa 6 na wa 7, pori lina maua machache. Penye miti imekatwa yote, hakuna kitu kabisa, na kundi linahama mzinga. Mbaazi za asili zikipandwa mwezi wa 11 au wa 12 zinatoa maua kuanzia karibu mwezi wa 4 mpaka wa 6, ni kusema wakati ule ule ambapo nyuki wanaanza kukosa.

Na kanga. Watu wengi wanamchukia, juu mwezi wa 11 anafukua mbegu za mahindi. Ni kweli, anafanya hivyo. Lakini fikirini wakati wenyewe: pori limeungua, mbegu za majani zimeungua, na chakula pekee kiko pale mlipofukia mahindi. Miezi mingine anakula mchwa, panzi, viwavi na mbegu za magugu. Hatuahidi kwamba kishamba cha ari 5 kitamzuia asiingie shambani kwenu. Mtu akiwaahidi hivyo, msimwamini. Tunasema tu kwamba ndege mwenye chakula kilimani ana sababu ndogo ya kushuka.

Sababu ya mwisho ni kilima chenyewe. Kilima kitupu kinamwaga maji yote kwa haraka, na yale maji yanachukua udongo wa shamba la chini. Hata kama hakuna kanga hata mmoja atakayekuja, mizizi na mistari ya mawe itafanya kazi hiyo.

Si chambo

Tuseme neno hili mapema kusudi lisisahauliwe. Kishamba cha kulisha wanyama kikiwekwa mitego ya waya kinakuwa chambo. Kabuluku atakuja mara mbili, mara ya tatu atabaki pale, na kisha hakuna atakayekuja tena. Kazi yote itakuwa ya mtu mmoja mwenye waya. Uwindaji katika inchi yetu unaongozwa na Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, nayo inataka mwindaji awe na kibali. Mambo ya kulinda viumbe yako tena katika Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Lakini tunajua sheria iko mbali na kilima. Kinacholinda fasi ni mapatano ya kijiji: chefu, koperative, na vijana wenye kutega, wote pamoja, kabla ya shimo la kwanza. Kama vijana hawakukubali, ni bora kuacha kabisa.

Koperative zenye kuwa pembeni ya mbuga ya Upemba au ya Kundelungu ziongee kwanza na watu wa ICCN. Kuvuta wanyama watoke ndani ya mbuga kuja kwenye mashamba si msaada kwa mtu wala kwa mnyama. Pembeni ya mbuga sisi tunashauri mambo mawili tu: kulinda visiki na kuweka mistari ya mawe, bila kupanda nafaka.

Kuchagua fasi

Kishamba kikae mbali na mahindi. Sisi tunapendelea nusu kilomita, kama kilima kinaruhusu. Tena kikae mbali na barabara, na kisiwe juu ya kisima cha kunywa, juu mavi ya wanyama yatashuka na mvua. Umbali na mahindi una sababu ingine: mtama unaweza kukaliwa na yule kiwavi mharibifu wa mahindi aliyeingia kwetu miaka ya 2016 na 2017. Hatutaki kumlea karibu na shamba.

Kisha kuna jambo moja la kwetu Katanga ambalo vitabu vya inchi zingine havitalisema. Kama kilima hakina miti, na wazee wanasema hakijawahi kuwa na miti, na kuna ile maua midogo ya rangi ya zambarau ambayo watu wanaita ua la shaba, basi shida yake si mawe. Ni shaba katika udongo, pengine na kobalti. Pale msipande kitu cha kuliwa na mtu wala na mnyama. Mimea mingine inavuta shaba mpaka kwenye majani. Ile mimea ya vilima vya shaba imezoea sumu hiyo, na mingine haipatikani fasi ingine duniani. Iachwe.

Kwa vilima vingine, chimbeni mashimo matatu: moja juu, moja katikati, moja chini. Mkigonga mwamba mzima kabla ya sentimita 10, kipande hicho kibaki na majani yake ya asili. Mkipata sentimita 15 mpaka 30, mtama na kunde vitakaa. Mkiona mwamba umepasuka na udongo umeingia katika nyufa, furahini, juu mbaazi na miti zinapenda nyufa. Mwageni ndoo ya maji katika kila shimo, mrudi kesho. Kama maji yangali pale, hiyo fasi itazamisha mizizi mwezi wa 1. Sogeeni pembeni.

Mawe ni mali

Kosa la kwanza tunaloona ni watu kuokota mawe yote na kuyatupa inje ya shamba. Kazi ya siku tatu, na faida hakuna. Jiwe linakaa baridi chini yake, linafunika udongo usikauke, na likipangwa vizuri linasimamisha maji.

Chukueni mawe ya ukubwa wa kichwa, mpange mistari mitatu inayokata mteremko, kila mmoja mita 8 chini ya mwenzake. Mstari ufuate usawa wa kilima, usipande wala kushuka. Kipimo cha A kinatosha: fito tatu zimefungwa kama herufi A, kamba katikati yenye jiwe la kuvuta chini. Chimbeni mfereji wa sentimita 10, mlaze mawe makubwa ndani, madogo juu yake kuziba matundu. Urefu wa sentimita 20 au 30 unatosha. Mstari wa mawe hauzuii maji kama ukuta. Unayapunguza mwendo, na udongo unabaki nyuma yake. Mvua moja kubwa ikipita, mtaona mchanga na majani makavu vimekaa upande wa juu. Huo ni udongo mpya.

Neno moja juu ya nyoka. Penye mawe na mbegu kuna panya, na penye panya kuna kifutu. Kabla ya kuinua jiwe, ligeuzeni kwa fimbo au kwa jembe, si kwa mkono. Mwenye mabuti avae mabuti. Watoto wasipewe kazi hii.

Mashimo

Wakulima wa Yatenga, inchi ya Burkina Faso, wanapanda katika mashimo madogo yanayoitwa zaï. Mzee Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, alijulikana duniani kwa kuyaboresha na kurudisha miti mahali palipokuwa jangwa. Kazi yake ni nzuri, lakini msiichukue vile ilivyo. Kule wanapata milimita 600 au 700, sisi karibu mara mbili. Shimo lenye kuokoa mtama kule linaweza kuzamisha kunde hapa. Kwa hiyo chimbeni shimo jepesi: upana wa sentimita 30, kina cha sentimita 10 mpaka 15, na udongo uliotoka uwekwe upande wa chini kama mdomo. Mtama upandwe ndani ya shimo. Kunde na mbaazi zipandwe juu ya mdomo, penye hapazami.

Kutoka shimo mpaka shimo acheni sentimita 80. Katika ari 5 hesabu inatoa mashimo karibu 780. Mawe makubwa yatawanyima mengi, mkifika 600 ni vizuri. Chimbeni mwezi wa 8 na wa 9, wakati kazi za shamba ni chache. Kila shimo lipate viganja viwili vya mbolea ya mbuzi au ya kuku iliyooza: mifuko minne au mitano ya kilo 50 kwa kishamba chote. Ongezeni kiganja kimoja cha udongo wa kichuguu. Vichuguu vyetu vikubwa vina udongo wenye chokaa na chumvi nyingi kuliko udongo mwekundu wa kando yake, na vinapatikana bure. Chukueni ubavuni, msibomoe chote.

Nini kupandwa

Kama mtapanda kitu kimoja tu, kiwe mbaazi. Mizizi yake inashuka mpaka karibu mita 2 ikipata ufa, inatengeneza mbolea ya hewa yenyewe, na zile za asili zinaishi miaka mitatu au zaidi bila kupandwa tena. Majani yanayoanguka yanafunika mawe. Maua ni ya nyuki, mbegu zinazomwagika ni za kanga na kwale, majani mabichi yanaliwa na kabuluku. Inaanza polepole: miezi miwili ya kwanza inaonekana kama haitaki, na magugu yanaweza kuifunika. Palizi mbili ni lazima. Baadaye inajitetea yenyewe. Wekeni mbaazi katika nusu ya mashimo, mbegu tatu kila shimo, mbakishe miche miwili.

Robo ya mashimo iwe kunde. Inatambaa, inafunika udongo, na ndani ya siku 60 mpaka 90 imemaliza kazi. Hapa tunakubaliana na yule mama wa nyuma: majani ya kunde ya mistari ya pembeni yachumwe na kuliwa, yeye na wenzake wana haki hiyo. Kabuluku atakula yaliyobaki.

Robo ya mwisho iwe mtama wa kienyeji au ulezi. Msivune. Masuke yaachwe yasimame, yaanguke yenyewe kuanzia mwezi wa 5. Tunajua ni vigumu kupita mbele ya suke lililoiva bila kulikata. Ndiyo sababu tunasema robo tu, na si shamba zima.

Mbegu zote za kishamba hazifiki hata robo ya meka. Hiyo ndiyo gharama ya makuta. Nyingine yote ni nguvu za mikono.

Mihogo, viazi vitamu na mahindi visiingie. Ngulube ananusa viazi kutoka mbali, na akijua njia ya kilima atajua njia ya shamba lenu. Lantana isiingie, hata kama maua yake yanapendeza: inatawala fasi yote na inaleta sumu kwa mifugo. Buba, ule wenye kutumiwa kuulia samaki, usipandwe pale maji yanaposhuka kwenda kwenye bwawa. Lile ua la njano la barabarani linalofanana na alizeti, tithonia, lina majani mazuri ya kurutubisha. Likateni barabarani, mlilete juu ya mashimo, lakini msilipande kilimani, juu halitaki tena kutoka.

Visiki havijakufa

Sehemu hii ndiyo tunaipenda zaidi, na ndiyo watu wanairuka. Mchoma makala anaacha kisiki, mtu anaona kisiki kikavu, anafikiri mti umekufa. Muputu, mutondo na karibu miti yote ya miombo inachipua tena kutoka kwenye kisiki. Mupundu unachipua hata kutoka kwenye mizizi, mbali na shina. Mizizi ile ina miaka mingi, imeshapata maji katika nyufa ambazo mche wa pepinyeri hautazifikia kabla ya miaka kumi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza koperative itafute miche, tembeeni kilimani mhesabu visiki.

Penye kisiki kina machipukizi kumi, chagueni matatu yenye nguvu na yaliyonyoka, mkate mengine. Mwaka wa pili mbakishe mawili au moja. Matawi yaliyokatwa yawekwe juu ya mashimo. Muputu na mutondo ni miti ya nyuki, na mutondo unalea viwavi vya kuliwa ambavyo wamama wanauza sokoni. Masuku na mapundu zinaliwa na mtoto na kabuluku vilevile. Matunda haya hayatakuja kesho, lakini machipukizi ya mwaka wa kwanza tayari yanaficha kwale na kiota chake.

Moto, na kisha mbuzi

Kishamba kinaweza kufanya vizuri miezi kumi na kufa kwa saa moja. Upande wa pili wa mpaka, Ndola katika Zambia, kuliwekwa tangu miaka ya 1930 vipande vya pori kusudi kupima moto: kimoja kinachomwa mapema kiangazi kikianza, kingine kinachomwa mwishoni, kingine hakichomwi. Penye moto wa mwishoni, miti ya miombo iliisha, ikabaki majani. Penye moto wa mapema, miti iliendelea kuwa miti. Penye moto haukuingia, pori lilifunga. Miombo ya Ndola na ya Lubumbashi ni ndugu, jibu lake ni letu.

Mwezi wa 5, majani yangali nusu mabichi, safisheni kamba ya mita 5 kuzunguka kishamba chote mpaka udongo uonekane. Kama wenye pori la jirani wamekubali, chomeni majani ya inje ya kamba hiyo asubuhi mapema, siku isiyo na upepo, watu wakiwa na matawi mabichi na bidoni za maji. Ndani msichome hata kidogo. Moto wa mwezi wa 9, ule wenye kuwashwa na watafutaji wa panya au na mtu tu mwenye sigara, ndio unaoua machipukizi yote kwa mara moja. Mwezi wa 8 rudini kusafisha kamba tena, juu majani makavu yameanguka ndani yake.

Adui wa pili ana mwenyewe na ana jina. Mahindi yakishavunwa, mbuzi wanaachwa huru, na mbaazi ndicho kitu kibichi pekee kinachoonekana. Mbuzi wanne wanaweza kumaliza ari 5 kwa siku mbili. Matawi ya miiba kuzunguka yanasaidia mwaka wa kwanza, lakini ua halishindi mapatano. Andikeni katika daftari la koperative: mbuzi akikutwa kilimani, mwenyewe anafanya nini? Siku ngapi za kazi? Koperative iliyoandika jambo hili kabla ya kupanda haigombani. Ile iliyosubiri mbuzi wa kwanza, na mbuzi wa kwanza akawa wa ndugu wa chefu, itagombana.

Maji

Kama kuna kijito karibu, msifanye kitu. Kama maji yako mbali sana, kata bidoni ya lita 20 katikati kwa urefu, izikwe mpaka ukingo ulingane na udongo, penye kivuli, na ijazwe mawe kusudi nyuki wasizame na kifaranga wa kwale aweze kutoka. Lakini mjiulize kwanza: nani ataijaza mwezi wa 9, wakati wamama wenyewe wanatembea mbali kutafuta maji? Kama hakuna jina la mtu, msianze. Mnyama aliyezoea maji ya bidoni na kuikuta kavu mwezi wa 9 ana hali mbaya kuliko yule aliyekuwa na njia yake.

Mizinga ikitundikwa, iwe mita 200 au zaidi kutoka nyumba na njia ya watoto wa shule. Nyuki wetu ni wakali, munawajua. Kundi lililoingia mwaka wa kwanza liachiwe asali yake.

Kufuata kazi

Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanaume, wapite kilimani mara moja kwa juma na daftari. Waandike nyayo, mavi, manyoya, maua yaliyofunguka, mitego iliyokutwa na kuondolewa. Mwaka wa kwanza kutakuwa na panya wengi na ndege wadogo, na watu watacheka. Kanga wanahitaji kuona fasi kwa muda mrefu kabla ya kuiamini. Msifunike udongo wote kwa majani mazito, juu kanga anataka pahali wazi pa kutembea na kuchakura. Acheni vijia vya upana wa mita moja kati ya mistari ya mawe.

Baada ya miaka miwili, pimeni kwa macho mambo matatu: udongo nyuma ya mistari ya mawe umefika wapi, mfereji wa maji chini ya kilima umepungua ama umeongezeka, na machipukizi mangapi yamepita kichwa cha mtu. Kama mawili kati ya hayo ni mabaya, kutaneni mjue sababu kabla ya kuongeza hata mita moja. Kama ni mazuri, msikimbilie kupanua kishamba. Fanyeni kingine kama hicho upande mwingine wa kilima, ari 5 tena, na kati yake muache visiki vikue.

Kwa mbegu: ulizeni majirani wenye mbaazi za miaka mingi kando ya nyumba, hizo zimezoea udongo wa kwetu kuliko zile fupi za dukani zinazokomaa haraka na kufa. Chagueni maganda yaliyokauka juu ya mti, mkague mbegu moja moja. Yenye tundu dogo la mviringo imeshaliwa na mdudu wa gala, haitaota. Zilizo nzima zichanganywe na majivu makavu, ziwekwe katika chupa yenye kufungwa vizuri mpaka mvua ya mwezi wa 11 ilowanishe udongo kufikia kina cha kidole kizima.